Wajukuu Wanakuja Likizo na Nyumba Iko Kwenye Matengenezo: Kazi Zipi Ziishe Kwanza, Zipi Zisubiri

Likizo ya Juni na ile ya Desemba zikikaribia, wateja wetu wa ukarabati wa nyumba hapa Mbeya, wa Uyole, Forest, Iyunga, hata wa Tukuyu na Makambako, hutuuliza swali moja. Pesa ya ukarabati imepatikana, fundi yupo, na wajukuu wanatoka Dar wiki ijayo. Tuanze au tusianze?

Inategemea kazi yenyewe. Kazi yoyote yenye vumbi, harufu kali au shimo iwe imekwisha siku 10 kabla watoto hawajafika. Kama haiwezekani, isiguswe mpaka waondoke. Kazi nyingine zinaweza kuendelea nao wakiwa ndani, ila chumba kwa chumba, na chumba kimoja kikiisha ndipo kingine kifunguliwe.

Siku 10 zinatokana na kukauka. Fundi akisema "siku tatu", anahesabu siku za kushika mwiko na brashi, hahesabu siku za ukuta kukauka. Huku kwetu tofauti hiyo ni kubwa. Mwezi Juni na Julai, Mbeya, Njombe na Makete asubuhi huwa na baridi ya chini ya nyuzi 10, na kwa baridi hiyo saruji hushika taratibu sana. Rangi nyingi za maji nazo hazitaki kupakwa chini ya nyuzi hizo. Ukipaka saa moja asubuhi ukuta ukiwa bado na unyevu wa usiku, rangi haishiki vizuri, na baada ya muda inabanduka kama maganda. Saa nzuri za kupaka kipindi hicho ni kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Desemba joto hupanda kidogo lakini mvua imeanza, hewa ina unyevu, na lipu mpya inaweza kukaa mbichi wiki nyingi. Ndiyo maana kazi za bati na rangi ya nje tunashauri zifanywe Juni, na ukarabati wa Desemba ubaki wa ndani na mdogo.

Tuanze na chumba watakacholala, maana ndicho wateja wengi hutaka kipendeze. Chukua chumba cha mita 3 kwa 3.5 chenye ukuta wa mita 2.7. Ukiondoa mlango na dirisha unabaki na eneo la mita za mraba 32 hivi. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini hufunika mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, yaani ukipaka mara moja, kwa hiyo mikono miwili inahitaji lita 6 na nusu. Badala ya kununua makopo mawili ya rangi ya aina moja, nunua kopo la lita 4 la rangi ya silki inayooshwa, upake kuanzia chini mpaka mita 1.2, na kopo la lita 4 la rangi ya kawaida kwa sehemu ya juu. Idadi ya makopo ni ileile. Faida yake ni kwamba mikono ya watoto, penseli na mafuta ya maandazi huishia kwenye ile mita ya chini, na hapo kitambaa chenye maji na sabuni kinatosha. Rangi itakayobaki ifungwe vizuri na kuandikwa jina la chumba.

Rangi ya mafuta tusingependa kuiweka chumba cha kulala cha watoto kipindi cha baridi. Harufu ya tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, hutoka kwa siku kadhaa madirisha yakiwa wazi, na mtoto wa Dar aliyefika Mbeya mwezi wa Julai hawezi kulala dirisha likiwa wazi. Milango na fremu zikihitaji rangi ya mafuta, zipakwe kwanza kabisa, kabla zile siku 10 hazijaanza.

Hapo kwenye milango na fremu kuna jambo zito kuliko harufu. Rangi ya mafuta ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi. Fundi akipiga msasa mkavu, vumbi lake linatua kwenye mkeka, godoro na sakafu anapotambaa mtoto, na mtoto hutia vidole mdomoni mchana kutwa. Risasi huathiri ubongo unaokua, na hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto mdogo. Njia ya kufuata: tandika nailoni chini, funga mlango wa chumba, lowesha mbao kwa maji yenye sabuni, tumia msasa wa maji, kisha futa kwa kitambaa kibichi na ukitupe. Kufagia kwa ufagio mkavu ni marufuku, kwa sababu ufagio hurudisha vumbi hewani. Kama rangi ya zamani haijabanduka, usiipige msasa mpaka kwenye mbao. Isafishe, ikwaruze kidogo ikiwa imeloweshwa maji, paka juu yake.

Lipu mpya na niru zinahitaji kumwagiwa maji siku 7, halafu zikauke kama wiki nne kabla ya rangi. Ukiharakisha, chumvi nyeupe hutoka ukutani na rangi inatunga malengelenge. Kwa hiyo mwenye wajukuu wanaofika baada ya wiki mbili asipige lipu chumba chao. Aache ukuta wa zamani, azibe nyufa tu, apake.

Usijaribu kukausha ukuta kwa jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, wala usiliache humo usiku ili kuwapa watoto joto. Tunaliona hili mara kwa mara Nyanda za Juu, na linaua. Mkaa unaoungua hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na mtu aliyelala haamki kujiokoa. Jiko likae nje. Watoto waongezewe blanketi na soksi.

Marumaru ni kazi ya kuendeshwa kwa ukali. Gundi ya saruji inataka saa 24 kabla ya mtu kukanyaga, na kwa baridi yetu tunaweka 48. Mtoto akikimbia juu yake mapema, kona moja inazama, chini panabaki wazi, na miezi michache baadaye marumaru inalia tupu ikigongwa kisha inapasuka. Kama kazi ni ya korido ambayo ndiyo njia ya kila mtu, gawa nusu kwa urefu: upande mmoja leo, na baada ya siku mbili upande wa pili.

Choo nacho kina hesabu yake. Sinki la choo likishaunganishwa na saruji, lisikaliwe saa 48 kipindi cha baridi. Nyumba yenye choo kimoja na wageni sita haiwezi kusubiri hivyo, na mtu atakalia tu. Sinki likicheza kidogo, kiungio cha chini hufunguka, maji machafu huvuja chini ya sakafu na harufu hubaki mwaka mzima. Kama choo ni kimoja, tunakataa kukigusa wageni wakiwepo, isipokuwa kimeziba au kinavuja.

Mashimo ya karo mapya tunayasogeza mpaka watoto waondoke. Mbao mbili na kipande cha bati juu ya shimo havitoshi, kwa kuwa mtoto wa miaka mitano huvisogeza ili aone kilichomo. Kama shimo limeshachimbwa, lizungushiwe mirunda na mabati yenye kimo cha mita 1.2, yaliyopigiliwa imara pande zote. Pipa la maji ya ujenzi lifunikwe kwa kifuniko kinachobana, na ndoo za lita 20 zilazwe kifudifudi kila jioni. Mtoto wa mwaka mmoja anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita 5, kwa sababu akiingia kichwa kwanza hawezi kujiinua.

Babu na bibi wengi huambiwa "muwe macho". Sisi hatupendi ushauri huo. Mtu mwenye magoti yanayouma hawezi kumkimbilia mtoto wa miaka miwili siku nzima, na si haki kumtwika mzigo huo. Kinachomlinda mtoto ni kizuizi. Kwa mlango wa sentimita 90, tunatengeneza kigeti cha upana wa sentimita 88 na kimo cha sentimita 80: fito 9 za mbao za paini zenye upana wa sentimita 5, zikisimama wima, zinaacha nafasi ya sentimita 5.4 kati ya moja na nyingine. Zisilazwe, maana fito za kulala ni ngazi kwa mtoto. Bawaba mbili, komeo upande wa nje, misumari ikunjwe na kupigwa msasa. Kazi yenyewe ni ya nusu siku, na kigeti kinafaa tena likizo ijayo.

Mbao hizo ziwe hazijatiwa dawa. Mbao za kenchi zinazotoka Mufindi na Njombe mara nyingi zina rangi ya kijani kutokana na dawa ya kuzuia mchwa, na dawa hiyo kwa kawaida ina shaba, kromu na aseniki. Ni nzuri darini. Vipande vyake visiwe vitu vya kuchezea watoto, na visiingie jikoni kama kuni hata kama vimekauka vizuri, kwani moshi na majivu yake yana sumu. Tukimaliza kazi ya paa, vipande hivyo tunavikusanya na kuondoka navyo. Misumari iliyodondoka tunaiokota kwa sumaku ya spika mbovu iliyofungwa kwenye kamba, ikipitishwa kwenye nyasi kuizunguka nyumba yote.

Vifaa vyote vikae chumba kimoja chenye komeo lililopigwa juu, kimo cha mita 1.6. Humo ndimo tina, mafuta ya taa, saruji na chokaa vinapolala. Tina isimiminwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto akinywa, asitapishwe wala asipewe maziwa. Apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa aliyonywea. Saruji mbichi nayo huunguza ngozi bila kuuma mwanzoni, hivyo mtoto aliyeichezea aoshwe kwa maji mengi papo hapo na nguo zibadilishwe. Chokaa ikiingia jichoni, maji safi yatiririshwe kwa dakika 20, kisha hospitali.

Umeme ni mfupi wa kueleza. Boksi la soketi lisilale wazi hata usiku mmoja. Kama soketi haijafika, nyaya zifungwe kwa konekta na boksi lipigwe kifuniko kabla fundi hajaondoka. Kama nyumba haina kikata umeme cha miliampea 30, kile kinachozima chenyewe umeme ukivuja, hiyo ndiyo kazi ya kwanza tungekushauri ulipie kabla ya rangi yoyote.

Wajukuu wakubwa, wa miaka saba na kuendelea, hawahitaji kufungiwa. Wape ubao wa futi mbili, brashi ya inchi moja na rangi ya maji iliyobaki, wakae nje barazani. Wakiwa na kazi yao, hawasogelei ya fundi.

Ukitaka tuje kukagua, tuandae mpango pamoja, tutumie mambo haya: tarehe watoto wanafika na tarehe wanaondoka, umri wa mdogo kuliko wote, idadi ya vyoo, na picha mbili za kila chumba, moja ikionyesha sakafu na nyingine ukuta wenye tatizo. Kwa likizo ya Juni tunaomba ujumbe ufike kabla ya katikati ya Aprili, ili lipu ikihitajika ipate wiki zake za kukauka.