Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Vikao vya Jumanne, Damu na Mikoko

Ndugu wanachama, wazee wetu walezi na wageni mlioitikia mwaliko, nawasalimu kila mmoja kwa imani yake.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na orodha ya waliojiunga na waliotutoka iko kwa katibu, kwa hiyo sitazigusa. Nitazungumzia tulivyokaa vikao na kazi iliyotoka humo, maana hapo ndipo penye mjadala.

Mwaka ulianza na hoja ya kupunguza vikao vyetu vya kila Jumanne. Waliotoa hoja hawakuja mikono mitupu. Walitukumbusha kuwa hata Rotary, mtandao wa kimataifa wa klabu za kujitolea, ambao kukutana kila wiki ni desturi yao tangu enzi za mwanzilishi wao Paul Harris na wenzake waliokuwa wakizungukiana ofisini kule Chicago mwaka 1905, waliamua mwaka 2016 kuziruhusu klabu zao zikutane angalau mara mbili kwa mwezi. Tulivutana mpaka mlinzi akaanza kufunga madirisha ya ukumbi. Mwisho Jumanne ikabaki, ila kikao tukakipindua. Zamani utambulisho na hotuba ya mgeni vilimaliza saa nzima, na tukifika kwenye Yatokanayo, yaani mambo yaliyoachwa na kikao kilichopita, watu wameshasimama. Sasa tunaanza na Yatokanayo: aliyekabidhiwa jambo anasimama na kueleza limefikia wapi. Udhuru unaotupwa kwenye kundi la WhatsApp dakika tano kabla ya kikao hauhesabiki kuwa taarifa. Mgeni anapewa dakika ishirini, na chai inanyweka huku anazungumza.

Wapo walionung'unika kwamba tumegeuka kamati ya harusi. Mimi nimelichukulia kama sifa. Kamati ya harusi hailali mpaka maharusi wamepata ukumbi.

Kazi iliyofaidika zaidi na mpango huu ni uchangiaji damu. Miaka yote tulichangia tarehe 14 Juni, Siku ya Wachangia Damu Duniani. Siku hiyo kila taasisi hapa Tanga inachangia, kila mtu na fulana yake. Lakini chupa ya damu kwenye jokofu haikai sana, ni kama wiki tano tu. Kwa hiyo damu nyingi ya siku moja haimfai anayeihitaji miezi miwili baadaye. Mgeni wetu mmoja, mtaalamu wa maabara, alituuliza swali lililotunyamazisha: shule zikifungwa, nani anachangia? Wanafunzi wa sekondari na vyuo ni nguzo kubwa ya damu ya hiari nchini, na Desemba wako makwao, wakati barabara ndiyo zimejaa mabasi. Halafu kuna kipindi cha baada ya masika, malaria inapopanda na watoto wadogo wanafikishwa hospitali wameishiwa damu.

Basi tukahama. Sasa tunachangia Desemba na baada ya masika. Hilo nalo lilitaka hesabu, kwa sababu mwanaume anapaswa kupumzika miezi mitatu kabla ya kuchangia tena na mwanamke minne, hivyo hatukuweza kuwaita watu walewale kila tunaposikia kuna upungufu. Katibu ameandaa daftari linaloonyesha kila mwanachama alichangia lini na zamu yake inarudi lini. Naliona daftari hilo ni mali kubwa kuliko bango letu jipya, ingawa bango ndilo lililopigiwa makofi.

Desemba nilikaa karibu na meza ya vipimo. Muuguzi anatoboa kidole, anadondosha tone la damu kwenye maji ya buluu. Likizama upesi, damu ina wekundu wa kutosha, likielea, unarudishwa. Mama mmoja, mwanachama wetu wa siku nyingi, tone lake lilielea. Akaambiwa akapimwe zaidi hospitali, akaitikia vizuri, kisha akahamia meza ya soda na biskuti, akawa anawakemea vijana waliotaka kuondoka kabla hawajapumzika. Kujitolea hakuishii kwenye mshipa.

Kupanda mikoko Sahare, pwani hapa Tanga, kulitufundisha kalenda nyingine. Sisi watu wa ofisi tulizoea kusema "Jumamosi ya mwisho wa mwezi", bahari haiijui Jumamosi hiyo. Wavuvi ndio waliotupangia. Siku za bamvu, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hukupwa sana kuelekea saa nne asubuhi na tope linakaa wazi; siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hayatoki vya kutosha, unabaki umesimama na mche mkononi. Kwa hiyo sasa siku ya kupanda inawekwa kwa kufuata mwezi wa angani, na anayehitaji ruhusa kazini anaiomba mapema.

Wavuvi haohao walituzuia tusipande mkoko mbele kabisa, kwenye mawimbi. Pale ni mahali pa mlilana, aina nyingine ya miti ya mikoko. Mkoko wenyewe unapenda tope la nyuma yake kidogo, na mbegu yake huchipua ikiwa bado juu ya mti, ndefu kama fimbo, kazi yako ni kuichomeka wima, theluthi yake iingie topeni. Mchu ni aina nyingine tena: mbuzi wa jirani wanaupenda kuliko sisi. Ombi la uzio limekwishajadiliwa na serikali ya mtaa, na Wakala wa Huduma za Misitu tunaendelea kuwashirikisha, kwa kuwa mikoko yote ni hifadhi na hatuna ruhusa ya kujipandia au kujikatia tu.

Usafi wa soko ulikwenda kama kawaida. Maktaba ya shule ya msingi haikwenda: vitabu vipo, mwalimu wa kuisimamia hajapatikana, na kamati imekataa kuizindua mpaka apatikane. Naunga mkono kamati, pamoja na kwamba mfadhili wa rafu anauliza picha.

Marejesho ya mwaka yanayotakiwa na Sheria ya Vyama yako tayari, yanasubiri sahihi mbili. Ada za mwaka mpya zinapokelewa na mweka hazina leo hapa mlangoni. Fomu za kugombea uongozi ziko kwa katibu. Nafasi ya mratibu wa miradi haina mtu aliyejitokeza mpaka sasa, na anayeitaka ajue kwamba simu yake italia alfajiri siku za bamvu.