Kwenu wababa na mawifi mnaomwacha mzazi wa njiti peke yake wodini

Wanangu, nina hasira na sitaificha. Juzi nimeenda hospitali hapa Dodoma mjini kumwona binti wa jirani yetu wa zamani, kajifungua njiti, kaletwa na ambulensi usiku kutoka Mpwapwa. Nimemkuta kwenye benchi anakamua maziwa kwenye kikombe, kanga ndo ileile aliyokuja nayo, simu imezima chaji. Mume alikuja akageuza siku hiyohiyo, eti mvua zimeanza anawahi kupanda uwele. Mama mkwe katuma salamu kwamba mtoto wa hivyo hakai, warudi tu nyumbani.

Hakai nani kasema? Aliyezaliwa kabla ya wiki 37 anashindwa kujitunzia joto, ndo maana anafungwa kifuani ngozi kwa ngozi, na Shirika la Afya Duniani tangu 2022 linashauri ianze mapema baada ya kuzaliwa, masaa 8 mpaka 24 kwa siku. Sasa masaa yote hayo abebe mtu mmoja, pengine katoka operesheni, na kila baada ya masaa mawili matatu akamue maziwa yapite kwenye mpira wa puani? Ataoga saa ngapi, atakula saa ngapi? Kifua cha baba kina joto. Cha bibi pia. Baba, nawa mikono, vua shati, nesi akufungie mwanao, na wenzio wakisema umekaliwa na mkeo waache waseme.

Mengine nayataja tu. Mwenye mafua asiende. Msimlaumu eti alibeba ndoo. Watoto waliobaki nyumbani wapikiwe na waende shule. Nauli na vocha zitumwe kabla hajaomba.

Walioajiriwa angalau sheria ya kazi ilirekebishwa 2025, mama wa njiti kaongezewa likizo, idaini. Lakini mama lishe wa Majengo na mkulima wa Kibakwe nani anawalipa wakikaa wodini? Sisi ndugu ndo tulipaswa, na sisi harusi tunaundia kamati, vikao kila Jumapili, michango mpaka ya mapambo, ila mzazi akiugulia mtoto mwezi mzima kundi la ukoo linamtumia "pole mama" na vikono vya kuomba, basi. Inaniuma sana hii.

Kwangu Chang'ombe chumba cha uani kina kitanda na neti. Wewe mama mkwe wa Mpwapwa, panda basi la asubuhi uje umpokee huyo binti, walau alale usiku mmoja.