Mwili hauzoei dawa ya malaria, kinachobadilika ni kimelea

Mhariri,

Hapa Kayanga, wilayani Karagwe, hakuna wiki inayopita bila mgonjwa kuniambia, "Dawa mseto hainishiki tena, mwili umeshaizoea." Magazeti nayo yakiandika habari za usugu huweka picha ya mbu, kisha wananchi tunahimizwa kumaliza dozi, basi. Hakuna anayetueleza ni nini hasa kimekuwa sugu.

Ni kimelea, si mwili. Ndani ya kimelea mna protini iitwayo Kelch 13, ambayo sehemu yake moja imejikunja mfano wa feni yenye mapanga sita. Protini hiyo humsaidia kimelea kumeza himoglobini ya damu yetu. Himoglobini ikishamengenywa hutoa hemu yenye chuma, na hemu ndiyo inayoiamsha atemisinini, dawa kuu iliyomo kwenye dawa mseto, iue. Katika nafasi ya 561 ya protini hiyo, tofali moja la protini liitwalo arginini likipisha jingine, histidini, kimelea kichanga hula kidogo na dawa haiamki sawasawa. Badiliko hilo liliripotiwa Rwanda mwaka 2020, na baadaye watafiti wakalikuta huku kwetu Kagera.

Hata hivyo dawa mseto haijashindwa. Inachelewa. Lumefantrini, dawa ya pili iliyomo, humalizia vimelea vilivyobaki, mradi umeimeza na chakula chenye mafuta au maziwa. Ukiimeza na chai ya rangi tupu haifyonzwi vizuri, hapo usimsingizie kimelea.

Ucheleweshaji huo huonekana kwenye hadubini siku ya tatu tangu kuanza dawa. Kipimo cha haraka hakifai kwa kazi hii, kwa kuwa kinanasa protini nyingine inayobaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Lakini mgonjwa akiona mistari miwili ya kipimo hicho, anauziwa dozi nyingine, au sindano, na muuzaji anamwunga mkono kwamba mwili umezoea! Biashara nzuri hiyo.

Ninachoiomba Wizara ya Afya ni hiki: kila tarafa ya mkoa huu iwe na kituo kimoja kitakachompima mgonjwa wa malaria kwa hadubini siku ya tatu bila malipo. Atakayekutwa bado na vimelea, tone lake la damu likaushwe kwenye karatasi maalumu na kupelekwa NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kuchunguzwa vinasaba, na majibu yaturudie sisi wa huku tuliochukua damu.

Mtaalamu wa maabara,
Kayanga, Karagwe