Nanga zetu zinaimaliza Mbudya, tuwekewe maboya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Mimi ni nahodha wa boti ya abiria, natoka pwani ya Kunduchi kwenda kisiwa cha Mbudya na kurudi, kazi niliyoianza miaka 22 iliyopita. Kabla ya hapo nilikuwa mvuvi wa mshipi na madema, kama marehemu baba yangu.

Mwezi uliopita binti yangu wa pili, ambaye anasoma mambo ya bahari chuoni, alikuja nyumbani na daftari lake, akaketi nami barazani baada ya sala ya Isha. "Baba, nanga yako ina kilo ngapi?" Nikamwambia kilo 12, ya makucha manne, aliiunga fundi wa kuchomelea hapa hapa Mtongani, na ina mnyororo wa mita 5 kabla ya kufikia kamba. "Na unaitia mara ngapi kwa siku?" Jumamosi na Jumapili, nikasema, mara 4 ukichukua wastani, maana siku za kusi kali safari hupungua. Sikukuu inaweza kufika 9. Akaandika, akazidisha, akanigeuzia daftari nione. Kwa Jumamosi na Jumapili peke yake, katika miaka 22, nanga yangu imeshuka Mbudya zaidi ya mara 9,000.

Usiku ule usingizi ulinipaa, kwa sababu nilikuwa najua jambo ambalo sikuwahi kumwambia. Mwaka jana, mwezi wa saba, nanga ilinasa nikiwa na abiria waliotaka kuogelea kwenye matumbawe. Nilivuta amari, yaani kamba ya nanga, kutoka omoni, mbele ya boti, hadi viganja vikauma. Mwisho nikavaa miwani ya kijana wangu, nikazama mwenyewe. Ukucha mmoja ulikuwa umeingia chini ya tumbawe la matawi, lile lenye kufanana na pembe za paa, na nilipokuwa navuta juu nilikuwa nalivunja chini. Vipande vilikuwa vimelala kama vigae vya chungu. Pembeni yake, kwenye majani ya bahari, kulikuwa na duara la mchanga mtupu. Mara ya kwanza sikuelewa limetoka wapi. Kisha boti juu ikageuka na maji, mnyororo ukasogea chini ukifagia, na nikaona mwenyewe duara linavyochorwa. Nanga hutoboa mahali pamoja, lakini mnyororo hunyoa pande zote kadiri boti inavyozungushwa na upepo na mkondo. Ndani ya duara hapakuwa na jani wala samaki. Nje yake tasi walikuwa wanakula.

Nilipanda botini nikawasha mashine nikarudi. Abiria sikuwaambia kitu.

Sasa nieleze kwa wasioijua bahari yetu. Mbudya, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, ilitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1975. Ikaja sheria ya hifadhi za bahari na maeneo tengefu ya mwaka 1994, na mwaka uliofuata Mafia ikapata hifadhi yake. Kwa hiyo kisiwa ninachokaa nacho kila wiki kimekuwa chini ya ulinzi kwa nusu karne. Ulinzi huo nimeuona na ninaushukuru. Nilipokuwa kijana tulisikia milio ya baruti mpaka tukaizoea, na leo imepungua sana. Kuvua pale hairuhusiwi, kuokota makombe hairuhusiwi, na kila abiria ninayemshusha hulipia kiingilio. Lakini nanga yangu haijawahi kuulizwa swali na mtu yeyote isipokuwa binti yangu. Siku ya Idd boti zinavyopangana mbele ya ufukwe ule ni kama daladala stendi, na kila moja ina nanga yake chini.

Binti aliporudi wiki iliyofuata nilimwomba anisomee alichokuwa akijifunza, kwa sababu swali lake halikutoka hewani. Walikuwa wanasoma jinsi nchi zilizoizunguka Bahari ya Mediterania zinavyosimamia shughuli za watu ndani ya hifadhi za bahari. Nilimwambia arudie mara tatu.

Kule kuna majani ya bahari yanayoitwa posidonia, na aina yao ile haioti bahari nyingine yoyote. Samaki hukulia humo, na majani makavu yanayotupwa ufukweni na mawimbi huukinga mchanga usiliwe. Ila yakishang'oka, kupona kwake ni kwa sentimita chache tu kwa mwaka. Nanga moja ya boti kubwa ya matajiri inaweza kuchimba kwa saa moja kilichochukua maisha ya mtu mzima kuota. Ndiyo maana mwaka 2019 wenye mamlaka ya bahari ya Ufaransa upande ule walitoa amri juu ya utiaji nanga, na amri za mahali kwa mahali zilizofuata zikakataza boti za mita 24 na zaidi kutia nanga juu ya majani hayo. Visiwa vya Balearic, vilivyo chini ya Hispania, vilitangulia mwaka 2018 kwa amri yao wenyewe. Kilichonigusa ni kwamba huko Balearic kuna boti ndogo za doria zinazopita kwa nahodha na kumwonyesha: hapa chini yako ni majani, sogea kidogo pale kwenye mchanga. Nahodha anasaidiwa kwanza. Sisi wa Kunduchi tungesaidiwa hivyo tungesogea, kwa sababu wengi wetu tunatia nanga kwa mazoea na hatuoni chini.

Na penye kazi nyingi wameweka maboya ya kufungia boti. Binti alinichorea. Wanazungusha parafujo kubwa ya chuma mchangani, kwenye parafujo wanafunga kamba, katikati ya maji kamba inashikwa na boya dogo lisiloonekana juu ili isilale chini na kufagia, halafu juu ndipo boya kubwa ambalo nahodha analidaka kwa upondo. Hapo duara nililoliona halichorwi. Fundi aliyeniungia nanga anaweza kutengeneza parafujo hiyo akionyeshwa mfano.

Hata hivyo nataka kutahadharisha, maana nimeona mambo mengi yakiletwa pwani hii kama yalivyo na kufa kabla ya mwaka. Mediterania karibu haina maji kujaa na kupwa. Ukifunga boti asubuhi, jioni unaikuta kina kile kile. Hapa kwetu, bamvua likiwa kubwa, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Boya lililopimwa kwa bahari yao, kwetu litazama maji yakijaa, na yakitoka kamba italegea izungukie matumbawe. Tena kusi na kaskazi havivuti boti upande mmoja. Urefu wa kamba na mahali pa kila boya lazima vipangwe na watu wanaoijua Mbudya kwa miezi yote 12, na watu hao wako Mtongani, wanashona nyavu chini ya mikungu.

Hapo ndipo nafika kwa wavuvi, jambo linaloniuma zaidi ya nanga.

Ndugu zangu wengi bado wanavua. Kwao neno hifadhi lina maana ya mahali walipofukuzwa. Wanaona vijana wa mjini wanashuka Mbudya na maspika yao, wanacheza na kula, na wao wakipita na mshipi wanaambiwa waondoke. Nawaelewa. Baba yangu alikuwa akitoa chewa kwenye madema pembeni ya kisiwa kile, chewa wa kubebwa na watu wawili, na mimi nilikuwa mmoja wa wabebaji. Binti alinieleza kitu ambacho baba hakukijua: chewa wengi huanza maisha yao wakiwa majike, na wakishakuwa wakubwa ndipo hugeuka madume. Ukiwamaliza wakubwa umemaliza madume, na wadogo waliobaki hawana wa kuzaa nao. Kisiwa cha Port-Cros, huko huko Ufaransa, kiliwekwa chini ya hifadhi mwaka 1963, na kupiga samaki kwa mishale kukakatazwa. Chewa waliokuwa wachache sana sasa wanahesabiwa kwa mamia. Kwa hiyo kufunga kuna faida, sibishi.

Lakini nilimwambia anisomee tena habari ya Torre Guaceto. Ni pwani ya Italia, karibu na mji wa Brindisi. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1991, na kwa miaka mingi ikawa ya karatasi tu, watu wakivua kama kawaida. Ulinzi wa kweli ulipokuja, uvuvi wote ukafungwa, na wavuvi wakakasirika kama wetu. Halafu wenye hifadhi, watafiti na wavuvi wenyewe wakaketi pamoja. Mwaka 2005 wakafungua sehemu ya nje tu ya hifadhi, kwa masharti waliyokubaliana: wavuvi wadogo wa pale pale, nyavu fupi zaidi, macho ya nyavu makubwa zaidi, siku 1 kwa wiki. Sehemu ya ndani ikabaki imefungwa kabisa. Watafiti walipopima mavuno, wavu uliotegwa ndani ulikuwa unapata karibu mara 2 ya ule wa nje. Samaki mmojawapo waliyekuwa wakimpata ni wa jamii ya mkundaji wetu. Mvuvi aliyekuwa adui wa hifadhi akawa ndiye anayempigia kelele mgeni anayeingia usiku.

Wala hatuna haja ya kwenda Italia kuona moyo huo. Mafia na Kilwa kuna vijiji vinavyofunga miamba ya pweza kwa miezi kadhaa kwa makubaliano yao, na siku ya kufungua wanawake na wanaume hushuka pamoja na vijiti vyao, na pweza wanakuwa wazito. Wanalinda kwa sababu tarehe ya kufungua wanaijua. Mvuvi wa Kunduchi hana tarehe yoyote anayoingojea.

Sisemi Mbudya ifunguliwe kesho. Ni kisiwa kidogo, kiko mlangoni mwa jiji kubwa, na ukifungua bila mpango kitakombwa kwa wiki moja. Nasema wazee wa bahari waitwe, wakae na watu wa hifadhi na watafiti, wapime kama kuna pembe ya nje inayoweza kuvuliwa kwa mshipi peke yake, siku chache kwa mwezi, na wavuvi wakiambiwa haiwezekani waonyeshwe kwa nini. Wakiketi mezani hata jibu la hapana watalibeba.

Kuhusu wingi wa watu nitasema kwa ufupi, maana hapa linagusa mkate wangu. Karibu na mji wa Marseille, huko huko Ufaransa, kuna ghuba ndogo ya Sugiton, ambako tangu mwaka 2022 wakati wa kiangazi wanaingia watu 400 tu kwa siku, na nafasi unaiomba mapema bila malipo. Kisiwa cha Porquerolles, nacho cha Ufaransa, kiliweka kikomo cha wageni 6,000 kwa siku. Nikisikia hivyo nafsi yangu inasema hapana, kwa sababu sikukuu tatu ndizo zinazolipa ada za wanangu. Lakini nimeiona Mbudya siku ya pili ya Idd, taka zimejaa mpaka chini ya mibuyu na maji ya ufukweni yamekuwa kama ya kufulia. Kikomo cha siku za sikukuu peke yake, kikitangazwa mapema na kugawanywa kwa haki kati ya manahodha wote na si kwa wenye boti kubwa tu, mimi nitakikubali.

Ombi langu la kwanza linabaki maboya, kwa sababu ndiyo kazi inayoweza kuanza bila kumnyang'anya mtu chochote. Wenye dhamana ya hifadhi waanze na machache: pale tunaposhusha abiria maji yakiwa yametoka, na pale tunapowapeleka waogeleaji. Wageni wanalipa kiingilio, sehemu ya fedha hiyo inunue chuma na kamba. Manahodha tupangiwe zamu ya kuzama kukagua kamba kila mwezi, na atakayetia nanga juu ya matumbawe wakati boya liko wazi atozwe faini, mimi nikiwamo.

Mahali pa kuyaweka ninapajua. Duara lile nimelipigia alama za nchi kavu kama alivyonifundisha baba, mnazi mmoja na paa la nyumba moja vikiwa kwenye mstari, na mengine manne nimeyapata tangu wakati huo. Kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi boti yangu huwa haina abiria. Atakayetumwa kuja kupima anikute Mtongani asubuhi, kabla upepo haujaamka. Mafuta nitaweka mimi.

Nahodha wa Mbudya,
Kunduchi Mtongani, Dar es Salaam