Kabureta yako inashika barafu

Nakuru, Jumapili jioni

Mpendwa Baba Akinyi,

Salamu nyingi kutoka kwetu, ambako sote tu wazima na mvua bado haijatuachia. Barua yako niliipokea Alhamisi, nikaisoma mara tatu, hasa pale unaposimulia jinsi injini ya jairokopta yako, kindege chetu hiki kinachobebwa na rota, yale mapanga marefu ya juu, ilivyokohoa na kupoteza nguvu ulipokuwa ukishuka juu ya mashamba ya mpunga ya Ahero. Unasema ulipotua ulichuja petroli yote kwa kitambaa, ukavua plagi zote nne, usione hata chembe ya uchafu, na kwamba ulipoiwasha tena baada ya nusu saa iliunguruma kana kwamba haijapata kuugua. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonipa jibu. Aliyekufanyia hivyo alikuwa ameshayeyuka kabla hujashika spana: ni barafu ndani ya kabureta, pale petroli inapochanganywa na hewa kabla ya kuingia kwenye injini.

Najua utacheka, kwa kuwa Kisumu hata maji ya mtungi hayapoi. Lakini kumbuka ule ubaridi unaousikia mkononi muuguzi anapokupaka spiriti kabla ya sindano. Petroli nayo inapogeuka mvuke hunyonya joto la hewa iliyo karibu nayo, na hewa yenyewe inapobanwa kupita kwenye koo la kabureta hupoa zaidi, hata mambo hayo mawili kwa pamoja yaweza kushusha joto kwa nyuzi 20 au 30 za Selsiasi. Hewa ya nyuzi 22 ikishushwa kiasi hicho, unyevu wake huganda kwenye kuta za koo na kwenye kile kibati cha kufungulia hewa. Kinachohitajika ni unyevu tu, na wewe asubuhi unaruka kando ya ziwa, juu ya mashamba yaliyojaa maji.

Mimi mwenyewe sikuamini mpaka Julai iliyopita, asubuhi moja yenye ukungu, nilipoifunga jairokopta yangu kwenye mti na kuiacha injini yake, ile Subaru EA81, ingurume kwa nguvu kidogo kwa dakika kumi. Mizunguko ilianza kushuka polepole bila mimi kugusa chochote. Nikaizima, nikatoa kichungio cha hewa upesi, nikamulika kwa tochi: ukingo wote wa kibati ulikuwa na duara jeupe kama lile linaloota kwenye friza ya mwenye bucha, na nje kabureta ilikuwa ikitoa jasho kama chupa ya soda. Nilipomwita mke wangu aje kushuhudia, palikuwa pamebaki tone la maji.

Sasa nikulaumu kidogo. Injini yako ya Volkswagen 1600, ilipokuwa bado kwenye gari la mgongo wa kobe, ilikuwa na kibomba kilichopitisha moshi wa moto chini ya kabureta, tena kichungio chake kilikuwa na mpira wa kuvuta hewa iliyopashwa moto na injini. Ulivikata vyote ili kupunguza uzito, nami nilikuwapo nikakusifu, kwa hiyo lawama tugawane. Wajerumani hawakuviweka pale kwa urembo.

Dawa yake ni kifaa cha kuipasha hewa moto kabla haijaingia kwenye kabureta, nacho si cha ajabu. Fundi wangu wa jua kali alikunja bati la chuma kisichoshika kutu kulizunguka bomba la ekzosi kwa urefu wa sentimita 25, akiacha nafasi ya upana wa kidole kati ya bati na bomba. Ndani ya nafasi hiyo tulizungusha springi ya kitanda kikuukuu, tuliyoivuta ikawa ndefu, ili hewa isipite moja kwa moja bali izungukezunguke na kubeba joto zaidi. Kutoka hapo hewa hupita kwenye mpira unaostahimili moto hadi kwenye kisanduku kilicho mbele ya kabureta, na humo mna kilango kimoja tu, ambacho kikifungua njia ya moto hufunga ya baridi. Kilango hicho nakivuta kwa waya wa klachi ya pikipiki. Nimeweka springi inayokirudisha kwenye baridi, ili waya ukikatika nisibaki na hewa ya moto wakati wa kuruka, maana huku Nakuru, kwenye mita 1,850 hivi, hewa nyepesi imekwisha kutunyang'anya karibu sehemu moja kati ya sita ya nguvu za injini.

Jambo lililonikosesha usingizi lilikuwa rafadha, yale mapanga yanayozungushwa na injini kutusukuma mbele. Zetu ziko nyuma ya injini, kwa hiyo kila kitakacholegea, iwe skrubu, klipu ya mpira au kipande cha bati, hakitaanguka chini bali kitapita katikati yake. Kila boliti nimeitoboa kichwa na kuifunga kwa waya. Tena bati hilo uwe ukilifungua mara kwa mara kukagua nyufa za ekzosi, kwa sababu ufa ukitokea chini yake injini itavuta moshi wake yenyewe.

Kanuni za Marekani kwa ndege zilizoidhinishwa hudai ongezeko la nyuzi 50 za Selsiasi, injini ikiwa kwenye asilimia 75 ya nguvu na hewa ya nje ikiwa nyuzi moja chini ya sifuri. Hatubanwi nazo, lakini nilitaka kujua niko wapi, nikaweka kipimajoto kwenye mdomo wa kabureta. Mara ya kwanza nilipata ongezeko la nyuzi 31 tu. Ni ile springi ya kitanda iliyonifikisha 44.

Katika kuitumia hewa ya moto, vuta waya kabla ya kupunguza mafuta, wala usingoje injini ianze kukohoa. Ukishapunguza, ekzosi hupoa na joto la kuyeyushia halipo tena, ilhali kibati kimebakiza upenyo mwembamba ambao barafu kidogo tu huuziba. Vuta hadi mwisho, si nusu. Mizunguko itashuka, hiyo ni kawaida ya hewa ya moto. Lakini kama barafu imeshakaa, injini itatetemeka vibaya kwa muda inapomeza maji, na hapo ndipo wengi huogopa wakarudisha baridi. Vumilia, mizunguko itapanda yenyewe. Chini uwanjani usiitumie ila kwa kujaribu, kwani hewa hiyo haipiti kwenye kichungio, na vumbi la kwenu nalijua.

Rota itaendelea kuzunguka hata injini ikizima, hilo tunalijua sote, ila itakushusha kwa mteremko mkali, na chini yako ni mpunga na maji.

Tafadhali usiruke tena kabla ya kufunga kifaa hiki. Nipimie kwa uzi mzingo wa bomba lako la ekzosi, upande wa kulia, mahali palipo na urefu ulionyooka, pamoja na kipenyo cha mdomo wa kabureta, unitumie kabla ya Ijumaa. Fundi atakata bati Jumamosi, nami nitalipakia kwenye matatu ya Kisumu pamoja na springi. Kitanda kile bado kinazo nyingi.

Wasalimie mama Akinyi na watoto.

Ni mimi rafiki yako,
Baba Njeri