Wito wa harambee: chumba cha mazoezi tiba Pongwe, Tanga

Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristu. Bwana Yesu asifiwe. Wana Pongwe mlioko nyumbani, na ninyi mnaotafuta riziki Dar es Salaam, Mombasa na kwingineko, tunawasalimu.

Tunawaandikia kwa ajili ya wagonjwa wetu waliokwisha kuruhusiwa hospitali. Mtu akipatwa na kiharusi majirani tunajaa, gari linapatikana, na usiku huohuo anafikishwa hospitali ya Bombo. Akisharudi, tunamkuta kalazwa barazani, tunampa pole, tunapita. Presha imeshuka na dawa anameza, lakini kazi ya kuurudisha mkono na mguu wake ndiyo kwanza ilitakiwa ianze.

Kiharusi huua sehemu ya ubongo kwa kuikosesha damu, ama kwa mshipa kuziba ama kupasuka. Seli zilizokufa hazirudi. Ila ubongo hujifunza upya: sehemu zilizobaki nzima zinaweza kushika baadhi ya kazi za zile zilizokufa, mradi zifundishwe, na kufundishwa kwenyewe ni kurudia. Kuinuka kitini na kukaa, kuinuka na kukaa, kila siku. Kukunjua vidole, kushika kikombe, kukiachia, kukishika tena. Nafuu kubwa zaidi kwa kawaida hupatikana miezi 3 ya mwanzo, ingawa hata baada ya hapo mtu huendelea kusonga mbele. Miezi hiyo ndiyo inayotupotea hapa Pongwe. Mkono ukiachwa bila kazi, kiwiko hukunjika, misuli hufupika na ngumi hujifunga. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza, asipogeuzwa kila baada ya saa 2 hivi, huota vidonda makalioni na visiginoni, na anaweza kupata nimonia kwa kulala tu.

Na majumbani mwetu kuna mengi yanayofanywa kwa mapenzi yakamwumiza mgonjwa. Anainuliwa kwa kuvutwa ule mkono uliolegea, bega likateguka, na maumivu ya bega hilo yakamfanya akatae mazoezi yote. Anakandwa kwa maji moto upande wenye ganzi, ngozi inaungua na yeye hasikii. Kuchua kwa mafuta kunamliwaza, hatukukatazi, lakini msuli hupata nguvu pale mwenyewe anapojaribu kuusogeza. Haya yote mtaalamu wa fiziotherapia, yaani mazoezi tiba, huyafundisha kwa mke, kwa mume, kwa mjukuu anayeshinda na mgonjwa, maana hao ndio watakaofanya naye mazoezi siku ambazo mtaalamu hayupo.

Vijana wetu wa bodaboda nao mnawajua. Barabara ya Segera haina huruma. Kijana anavunjika mguu, anafungwa hogo, na likija kufunguliwa paja limekonda na goti halikunji. Mfupa umeunga, ila yeye anadhani bado ni mgonjwa, basi anaendelea kuulinda mguu usiguse chini na unazidi kudhoofika. Anachohitaji ni mtu anayejua lini aanze kuukanyagia na kwa uzito gani, amsimamie mpaka aache magongo.

Watoto wenye utindio wa ubongo tumewaweka karibu zaidi na moyo. Mtoto asiyeweza kushikilia shingo akilishwa amelala, uji huenda njia ya hewa. Akikalishwa kwenye kiti cha mbao kilichochongwa kwa kipimo chake, chenye mkanda na meza ya mbele, anakula salama, anaona wenzake, mikono yake inapata nafasi ya kucheza. Na mama yake anapata kupumzisha mgongo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 2.4 duniani wana maradhi au majeraha ambayo huduma za utengamao, yaani za kumrudishia mtu uwezo wa kujifanyia shughuli zake, zingeweza kuwasaidia, na katika baadhi ya nchi za kipato cha chini na cha kati zaidi ya nusu ya wanaozihitaji hawazipati. Kwetu kinachowazuia ni nauli. Mtu asiyeweza kukaa wima hapandi daladala. Ni lazima akodiwe bajaji kwenda mjini na kurudi. Familia inajikakamua mara moja, mara ya pili, kisha inakata tamaa. Ndiyo maana hatuombi mashine za umeme. Tunaomba huduma isogee karibu, kwa kuwa tiba inayotaka kurudiwa haiwezi kukaa mbali na mgonjwa.

Serikali ya mtaa imetuachia chumba bila kodi, na mtaalamu amekubali kuja siku 2 kwa wiki. Hesabu ya mwaka mmoja ni hii: nauli na posho ya mtaalamu shilingi 4,160,000, bajaji ya kuwaleta wasioweza kutembea shilingi 1,560,000, vyuma viwili vya kushikilia wakati wa kujifunza kutembea, magodoro ya mazoezi, kioo kikubwa, ngazi ya mbao na fremu za kutembelea shilingi 2,350,000, viti 6 vya watoto, vitakavyotengenezwa na mafundi seremala wetu wenyewe, shilingi 720,000. Jumla ni shilingi 8,790,000. Ukitoa 55,000 umelipia siku nzima ya huduma, mtaalamu pamoja na bajaji. Ukitoa 1,000 tutaiandika kwenye daftari lilelile, na daftari hilo litabandikwa ukutani kila mwisho wa mwezi, mapato na matumizi.

Harambee itafanyika Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, baada ya swala ya Alasiri, uwanja wa shule ya msingi. Walio mbali wamkabidhi mchango mweka hazina kupitia ndugu zao walioko hapa, na wadai stakabadhi. Mwenye magongo, fremu au kiti cha magurudumu kilichobaki ndani baada ya mgonjwa wake kupona au kutangulia mbele ya haki, tunamwomba kwa unyenyekevu akilete. Mafundi baiskeli wamejitolea kurekebisha magurudumu bure, kwa hiyo hata kilichoharibika tunakipokea.