Siti za pikapu kuukuu zinafungwa ovyo

Mhariri, naomba nafasi kidogo niongee na wenye pikapu za zamani, zile Hilux na Datsun za miaka ya 80 zenye siti moja ndefu, maana siku hizi watu wanang'oa ile siti wanaweka mbili za gari dogo zilizotumika, zinapendeza kweli ila zinavyofungwa ndo balaa. Fundi anatoboa bati la sakafu, anapitisha bolti, washa ndogo, nati, kwisha. Lile bati ni jembamba jamani, gari ikigonga kitu bolti inachomoka nalo na siti inakuja mbele na mtu wake.

Tena siti nyingi za gari dogo kile kipokeo cha mkanda kimefungwa kwenye siti yenyewe, sio chini, kwa hiyo siku ya ajali hizo bolti zinabeba siti na wewe. Tumia matundu ya kiwandani yakikubali, yasipokubali weka chini ya sakafu kipande kipana cha chuma cha milimita 3 hivi, bolti iwe imeandikwa 8.8 au zaidi kichwani (hiyo namba ndo inaonyesha nguvu yake), na kama kuna kutu ikatwe kwanza lichomelewe bati jipya. Kuchomelea reli ya siti juu ya kutu mi sielewi kabisa. Halafu kabla hujatoboa chungulia chini, paipu za breki na za mafuta zinapita huko. Na trafiki wanaokagua mataa tu wajaribu kuitikisa siti ya dereva.

Msomaji wenu, Morogoro